Bukavu: Dushi ya zamani isivunjwe kabla maji hayajapewa njia

Katika mji wa Bukavu, fundi anapoitwa kuangalia dushi ya zamani, mara nyingi neno lake la kwanza ni hili: "Mama, hii yote inapashwa kutoka." Karo za wakati wa Wabelgiji, benwari ya chuma kizito, lavabo yenye ufa, robine inayodondosha usiku na mchana, vyote vinahesabiwa kuwa takataka. Kesho yake nyundo inaanza kulia. Juma la tatu makuta yanaisha, karo mpya zimefika nusu ya ukuta, na jamaa nzima inaomba kuogea kwa jirani.

Desturi hiyo inakula mali ya watu bure. Dushi nyingi zinazovunjwa Ibanda na Bagira hazikuhitaji kuvunjwa. Zilihitaji mtu wa kuangalia maji yanapotoka na yanapoenda, kisha siku chache za kusugua na kupaka rangi. Wakati huu kosa hilo linauma zaidi. Benki zilifunga milango Goma mwezi wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa Februari, na akiba ya watu wengi ikabaki mbali na mikono yao. Mwenye kupata fungu lake katika likelemba hapashwi kulizika chini ya karo.

Nyumba za zamani za Muhumba na Nyalukemba, za siku mji ulipokuwa bado unaitwa Costermansville, zilijengwa na watu waliopenda simenti. Karo zao ndogo nyeupe ziliwekwa juu ya tabaka nene, na nyingi zimeshikilia mpaka leo. Hata tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lililopasua kuta nyingi mjini, halikuzing'oa zote. Ubaya wake ni wa macho tu: zimekuwa za manjano, mistari ya katikati imekuwa myeusi, hapa na pale moja imepasuka. Mtu anayezipiga nyundo anatoa kitu kigumu ili aweke karo nyepesi ya bei ndogo, juu ya lipu iliyokwisha kutikiswa.

Hesabu si ngumu. Chumba cha metre mbili kwa mbili, chenye karo mpaka kimo cha metre moja na nusu, kina karibu metre kare 11 za ukuta na 4 za chini. Kuvunja yote pamoja na simenti ya zamani ya unene wa santimetre 3 kunatoa karibu kilo 900 za uchafu. Huo uchafu hautembei wenyewe. Unabebwa kwa mgongo na kichwa kwenye ngazi za mteremko, safari 25 ama zaidi, na kila mbebaji analipwa. Halafu unatupwa wapi? Mara nyingi katika mfereji, na mvua ya kwanza inaurudisha barabarani. Kisha kunanunuliwa karo karibu metre kare 17, maana nyingine zitakatwa na nyingine zitavunjika njiani, pamoja na simenti, mchanga, na siku za fundi na msaidizi wake. Lakini kupaka ukuta uleule rangi mara mbili kunaomba lita tatu hivi za rangi nzuri. Tofauti ya makuta ni kubwa kiasi kwamba hata mtu anayependa vitu vipya anapashwa kusimama na kufikiri.

Watu wengi watauliza: rangi juu ya karo itashika? Itashika kama kazi ya mbele ya rangi imefanywa bila haraka, na hapo ndipo mafundi wengi wanapotaka kupita mbio. Karo ina mafuta ya sabuni ya miaka mingi. Inapashwa kusuguliwa kwa maji ya moto na sabuni kali, isafishwe, ikauke, kisha ipitishwe msasa mwembamba mpaka ule mng'ao upungue. Rangi ya maji ya ukuta wa sebule haifai hapo, itamenyuka kama ngozi ya kiazi. Inatakiwa rangi ya kwanza ya kushikisha, kisha rangi ya epoksi ama nyingine iliyoandikwa wazi kwenye mkebe kwamba ni ya karo na mahali penye maji. Kila tabaka lipewe muda wake wa kukauka, na dushi isitumiwe siku kadhaa baada ya tabaka la mwisho. Mahali maji yanapopiga moja kwa moja kila siku, rangi itachakaa mbele ya mahali pengine, na chini ya miguu haifai kabisa. Chini paachwe karo za zamani zikiwa zimesuguliwa. Kazi hii ifanywe kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Anayepaka rangi katikati ya mvua za Novemba anapaka unyevu.

Lakini rangi ni ya mwisho. Mwenye kuanza na rangi amevunja heshima ya kazi sawasawa na mwenye kuanza na nyundo.

Jambo la kwanza ni maji. Bukavu ni mji wa vilima, na kiwanja cha mmoja kiko juu ya bati la mwingine. Maji yanayopotea chini ya dushi hayaishii chini ya dushi. Yanashuka. Yanaingia katika msingi wa jirani wa chini, yanalainisha udongo ambao tayari ni mwepesi kukimbia, na mwaka ule mvua inapozidi, ukuta wa kushikilia udongo unajikunja. Kadutu wanajua habari ya mmomonyoko kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo ufa mdogo chini ya benwari, ama tuyo ya kutoa maji machafu iliyochomoka ndani ya udongo, si habari ya urembo. Ni habari ya watu wanaolala chini ya mteremko. Jamaa inayonunua karo za maua na kuacha tuyo hiyo ilivyo imefanya chaguo baya, hata kama wageni wanasifu.

Kuangalia hakuombi vyombo vya ajabu. Rangi ya chakula ama chai nzito inamwagwa ndani ya tangi la choo, halafu watu wanasubiri nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana chini katika bakuli, mpira wa ndani umekwisha, na mpira huo ni kitu kidogo cha dukani. Robine inayodondosha mara nyingi nayo inalilia mpira mdogo wa ndani, siyo robine mpya. Karo za chini zigongwe kwa mti wa nyundo, moja baada ya nyingine: inayotoa sauti ya utupu imeachana na simenti, na maji yanaweza kuwa yanapita chini yake. Hiyo ndiyo ya kutoa, pamoja na majirani zake, siyo chumba kizima. Kisha ndoo mbili za maji zimwagwe kwa haraka. Maji yakisimama pembeni badala ya kukimbilia tundu, mwinamo wa chini umeharibika na hapo kweli fundi masoni anapashwa kuingia. Vilevile kama ukuta wa chumba cha jirani unalia maji, ama ufa unapita kutoka karo mpaka lipu, rangi isifiche kitu. Kuna dushi ambazo dawa yake ni kuvunja. Tatizo ni kwamba watu wanavunja bila kupima.

Baada ya maji, mistari ya katikati ya karo. Kazi hii haimpendezi mtu, inaumiza magoti, na ndiyo inayobadilisha sura ya chumba kuliko kitu kingine chochote kwa makuta kidogo. Mistari ya zamani inakwanguliwa kwa ncha ya kisu kigumu ama msumari mpana, kina cha millimetre mbili ama tatu, vumbi linaondolewa, kisha kunajazwa simenti nyeupe ama ile ya mistari inayouzwa katika pakiti. Kijana wa nyumba mwenye uvumilivu anaweza kuifanya. Pembeni mwa benwari na lavabo, mahali ambapo vitu viwili tofauti vinakutana, simenti itapasuka tena. Hapo inawekwa silikoni, baada ya kutoa ya zamani yote na kukausha vizuri.

Neno moja juu ya usafi, kwani linahusu uhai. Ili kuondoa chokaa na doa, mama wengi wanatumia siki ama asidi ya choo, na ili kuua ukungu mweusi wanatumia javel. Vitu hivyo viwili visikutane kamwe, hata ndani ya choo. Vikichanganyika vinatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na dushi nyingi za zamani zina kidirisha kimoja tu kisichofunguka. Vilevile, kukausha chumba kwa mbabula wa makala huku mlango umefungwa ni hatari: moshi wake usioonekana unaua. Na dari ya zamani ya eternit isikwanguliwe wala kutobolewa, maana bamba za miaka hiyo zinaweza kuwa na amianti, ambayo vumbi lake linaleta ugonjwa wa mapafu miaka mingi baadaye. Ipakwe rangi ilivyo, iachwe.

Ukungu wenyewe utarudi kama hewa haipiti. Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku inageuza mvuke kuwa maji ukutani. Kufungua dirisha lililobandikwa na rangi ya zamani, ama kuweka tofali mbili zenye matundu juu, kunasaidia kuliko mkebe wowote wa dawa ya ukungu.

Na benwari? Wengi wanaitoa kwa sababu hakuna anayelala ndani yake. Ni kweli, kwa jinsi maji ya REGIDESO yanavyokuja na kupotea, benwari za Bukavu zimekuwa matangi. Lakini kuitoa kunaomba watu wanne na ngazi iliyo imara, na mara nyingi inavunja tuyo wakati wa kutoka. Afadhali ibaki, mahali palipomenyuka pazibwe kwa dawa ya enameli inayouzwa kwa kazi hiyo. Ila kuitumia kama tangi wazi ni jambo la kuacha. Maji yaliyo wazi yanachotwa kwa vikombe na mikono ya kila mtu, yanazaa mbu, na mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika gotini. Katika Kivu, ambako kipindupindu hakijawahi kuondoka kwa muda mrefu, pipa lenye kifuniko na robine chini, lililowekwa juu ya tofali, lina faida kuliko karo zote za ukutani. Kama jamaa ina makuta ya kununua kitu kimoja kipya tu katika dushi, kiwe hicho.

Kunabaki swali gumu kuliko yote: nani analipa? Nusu ya maneno haya hayana maana kwa mpangaji ambaye baba mwenye nyumba anamwambia, "Nyumba uliipata hivyo." Kwa sheria za inchi, mwenye nyumba anapashwa kuiweka nyumba katika hali ya kukaliwa, na mpangaji anabeba matengenezo madogo ya kila siku. Tuyo iliyopasuka ndani ya ukuta si matengenezo madogo. Wapangaji wengi wanatengeneza kwa makuta yao, na dushi inapokuwa nzuri, kodi inapanda, kwa sababu nyumba sasa "ina hali". Huko ni kumwuzia mtu jasho lake mwenyewe, na wenye nyumba wanaofanya hivyo wanajua.

Wengine wanaogopa kudai kwa sababu garanti yao iko mikononi mwa mwenye nyumba. Hapo pia sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imesema wazi: kwa nyumba ya kukaa, garanti isipite kodi ya miezi mitatu. Wanaoomba miezi sita wanaomba kile ambacho sheria imekataa.

Wapangaji na wenye nyumba wanaoelewana wana njia iliyo rahisi. Kabla mkebe wa rangi haujanunuliwa, wanaandika karatasi mbili zilizo sawa: kazi gani itafanywa, vifaa vya makuta ngapi, siku za fundi ngapi, na ni miezi mingapi kodi itapunguzwa mpaka deni liishe. Pande zote mbili zinatia sahihi, shahidi mmoja wa avenue anatia yake, na risiti za duka zinafungwa pamoja na karatasi. Picha za simu za dushi zinapigwa mbele na nyuma ya kazi. Mwenye nyumba anayekataa kutia sahihi karatasi ya namna hiyo, mpangaji atengeneze robine na mpira wa tangi, anunue pipa lenye kifuniko, na rangi aiache dukani.