Posho Peke Yake Haijengi Mfupa wa Askari



Neno “posho” lina historia ambayo yafaa kila mlinzi wa taifa aijue. Katika Kiswahili cha asili, posho ni kile chakula cha siku ambacho mtu hugawiwa na mkuu wake: mpagazi katika msafara, kibarua shambani, askari kambini. Na kwa kuwa kilichogawiwa kilikuwa aghalabu unga wa mahindi, hapa Uganda jina la mgawo limekuwa jina la ugali wenyewe. Hivyo ndivyo sehemu moja ya chakula ilivyotwaa jina la chakula chote. Hatari yake ni kwamba tumezoea kuamini kuwa aliyekwisha kupakuliwa ugali, basi amekwisha kupewa haki yake yote.

Sisemi haya ili kuudharau ugali. Posho na maharage ni nguzo ya kambi, na hakuna mwenye akili atakayeing'oa. Ugali hutia nguvu mwilini, na maharage hujenga misuli. Lakini kipo kitu kimoja ambacho askari hatakipata humo hata akimaliza sufuria nzima, nacho ni vitamini D. Rai yangu leo ni hii: samaki wadogo wa maziwa yetu wapewe mahali pa kudumu katika chungu cha kambi, na kila askari ajue jua lake hulipata saa ngapi.

Kazi ya vitamini D ni kuuwezesha mwili kuyachukua madini ya kalsiamu kutoka katika chakula na kuyapeleka kwenye mifupa. Pasipo vitamini hii, mtu aweza kula kalsiamu na mwili usiweze kuitumia ipasavyo. Ni sawa na bohari iliyojaa risasi ambayo ufunguo wake umepotea. Mtoto aliyeikosa kwa muda mrefu hupatwa na matege, kwa maana mifupa yake hubaki laini ikapinda kwa uzito wa mwili. Mtu mzima huumwa na mifupa, na misuli yake hulegea. Elimu hii si ya jana. Mwaka 1919, daktari Edward Mellanby wa Uingereza alionyesha kwamba mafuta ya ini la samaki huzuia matege, na mwaka huohuo daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kwamba miale ya taa maalumu huwaponya watoto wenye maradhi hayo. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani akakitambua kitu hicho na kukipa herufi ya nne, kwa sababu herufi tatu za mwanzo zilikwisha kuchukuliwa.

Askari atauliza: matege ya watoto yanahusu nini kombati na buti? Yanahusu sana. Kuruta anayeanza mafunzo hubebesha mifupa yake mzigo ambao haijauzoea: gwaride, mchakamchaka, mwendo mrefu na begi mgongoni. Mfupa dhaifu ukigongwa hivyo kila siku huanza kupata nyufa ndogo katika muundi na katika unyayo. Kuruta huchechemea, wenzake humwita mvivu, kumbe mfupa umepasuka. Mwaka 2006 watafiti wa Ufini walitangaza kwamba, miongoni mwa makuruta wa nchi hiyo, wenye vitamini D kidogo katika damu ndio waliopatwa zaidi na nyufa hizo. Mwaka 2008 ukatolewa utafiti wa Marekani uliofanywa kwa wanawake makuruta 5,201 wa jeshi la majini. Kundi lililopewa kalsiamu pamoja na vitamini D lilipata nyufa pungufu kwa asilimia 20 kuliko kundi ambalo halikupewa. Angalieni, wasomaji, kwamba vitu hivyo vilitolewa viwili kwa pamoja. Nitalirudia jambo hilo nitakapofika ziwani.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maradhi ya nchi za barafu, ilhali sisi tunaishi chini ya ikweta ambako jua ni bure. Ni kweli kwamba chanzo kikubwa cha vitamini D ni ngozi yenyewe inapopigwa na jua. Lakini jua kuwapo angani si sawa na jua kumfikia askari. Mlinzi wa lindo la usiku hulala mchana. Fundi wa simu za upepo na karani wa kituo cha polisi hushinda ndani. Na hata wakikaa dirishani, kioo huizuia ile miale inayotakiwa. Sare hufunika mwili toka shingoni hadi kifundoni. Mchakamchaka wa alfajiri ni mzuri kwa moyo na mapafu, lakini jua linapokuwa chini miale hiyo huwa hafifu mno; ina nguvu pale jua linapopanda juu. Tena ngozi yetu nyeusi, ambayo ni ngao dhidi ya kuungua, huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe ili kutengeneza kiasi kilekile. Na ndugu zetu wenye ualbino hawawezi kuambiwa wakae juani hata kidogo. Kwao chakula ni jambo la lazima.

Basi tutazame chakula. Wataalamu wa Marekani walipendekeza mwaka 2010 kwamba mtu mzima apate mikrogramu 15 za vitamini D kwa siku. Vyakula vyenye nayo kwa asili ni vichache. Vya kwanza ni mafuta ya ini la samaki, ambayo kijiko kimoja kidogo hutoa takriban mikrogramu 11, na samaki wenye mafuta mwilini. Kisha huja kiini cha yai, chenye mikrogramu moja hivi, na ini la ng'ombe, ambalo kipande chake cha kawaida hutoa kiasi kama hicho. Uyoga nao, ukianikwa juani kabla ya kupikwa, hutengeneza vitamini hii kama ngozi yetu ifanyavyo. Maziwa ya ng'ombe yasiyoongezwa kitu kiwandani yana kidogo sana. Kabichi, mihogo, ndizi, wali, posho na maharage havina kitu.

Mwaka 2017 wanajeshi walitumwa kwenye maziwa ya nchi yetu kupambana na uvuvi haramu. Tukailinda sato na sangara, tukalinda na mukene, yule samaki mdogo wa rangi ya fedha ambaye majirani zetu wa Tanzania humwita dagaa na wa Kenya humwita omena. Lakini ni mabwalo mangapi ya chakula ambamo mukene huonekana? Wengi wetu tunamwona ni chakula cha fukara, chenye harufu na mchanga. Sehemu kubwa ya samaki huyu huishia viwandani, akasagwa kuwa chakula cha kuku. Mfugaji amejua kwamba kuku bila mukene hana mfupa wala ganda la yai. Yawaje kuku akapewa, na askari akanyimwa?

Nilisema nitalirudia lile jambo la vitu viwili. Samaki mkubwa hutupa minofu, na mifupa tukaitupa jalalani. Mukene huliwa mzima, kichwa, mafuta na mifupa. Hivyo hukupa kalsiamu ya mifupa yake na mafuta ya mwili wake kwa tonge moja. Nchini Nigeria, nchi yenye jua kama letu, utafiti uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wenye matege walipona vizuri zaidi kwa kupewa kalsiamu, pamoja na vitamini D au bila hiyo, kuliko kwa kupewa vitamini D peke yake. Funzo ni kwamba ufunguo bila bohari haufai, kama bohari isivyofaa bila ufunguo. Samaki huyu mdogo hubeba vyote viwili.

Wala hahitaji barafu wala gari la baridi. Aliyekaushwa vizuri juu ya chanja, si mchangani, hukaa gunia zima bohari, akaenda hata mahali ambapo nyama haifiki. Akaangwe kwa kitunguu na nyanya, au atwangwe na kuchanganywa na mchuzi wa karanga. Unga wake waweza kutiwa hata katika uji wa mtoto, na hilo nawaambia hasa wazazi wa kota zetu, ambao watoto wao hufungiwa ndani kutwa mzazi akiwa kazini.

Kwa hiyo, makamanda na watunza bohari, mnapoandika mahitaji ya mwezi, mukene asiwe nyongeza ya sikukuu bali awe mstari wa kudumu. Yai lisiwe la mesi ya maafisa peke yake. Wakubwa wa zamu, wapeni walinzi wa usiku nafasi ya kukaa nje mchana mikono ikiwa wazi. Ninyi polisi, kumbukeni kwamba hata mahabusu ana mifupa. Kumtoa juani ni wajibu, si hisani. Na afisa anayekwenda masomoni Ulaya wakati wa majira ya baridi ajue kwamba jua la huko kwa miezi kadhaa halitampa kitu, basi ale samaki.

Onyo moja lipo. Asikimbilie mtu dukani kununua vidonge na kuvimeza ovyo. Vitamini hii huhifadhiwa katika mafuta ya mwili, na ikizidi mno hujaza kalsiamu katika damu na kuharibu figo. Vidonge ni kazi ya daktari wa kikosi. Samaki ni kazi ya mpishi.

Silaha hukaguliwa kila asubuhi, na mwenye bunduki yenye kutu huadhibiwa. Mfupa wa askari hakuna anayeukagua mpaka uvunjike. Serikali hugharimia miezi mingi kumfunza kuruta mmoja. Akirudishwa nyumbani kwa mguu uliopasuka, taifa limempoteza mlinzi ambaye pengine kiganja cha mukene kila siku kingemwacha amesimama katika mstari.