Mwanafunzi Achore Kwanza: Msamiati wa Riwaya katika Madarasa ya Kisii na Nyamira

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeniletea mchoro wa chifu alikuwa na haki ya kushangaa nilipomwambia kuwa amekosea. Nilikuwa nimeandika ubaoni neno baraza, nikawaomba wanafunzi wachore kile walichokiona akilini walipolisoma. Yeye alichora mti, watu walioketi nyasini, na mbele yao mwanamume mwenye kofia na fimbo. Katika vijiji vyetu vya Gusii, baraza ndiyo hiyo. Chifu huita watu, nao huja kuhutubiwa kuhusu pombe haramu na mipaka ya mashamba. Lakini katika fasihi ya Waswahili wa Pwani na Visiwani, baraza ni kikalio cha mbele ya nyumba, mahali ambapo wanaume hubarizi jioni wakisubiri adhana, huku wanawake wakiwa upande wa pili wa ukuta. Kijana huyu angesoma riwaya nzima akidhani kwamba kila jioni chifu anakuja nyumbani kwa watu.

Hayo yalitukia mwaka 2019, nilipokuwa katika mazoezi ya ufundishaji kwenye shule moja ya kutwa katika Kaunti ya Nyamira. Riwaya teule wakati huo ilikuwa Chozi la Heri, lakini kabatini mlikuwa na nakala za Utengano ya Said Ahmed Mohamed zilizosalia tangu riwaya hiyo ilipokuwa ikitahiniwa. Majalada yalikuwa yamechakaa. Tulizifuta vumbi, tukaanza kuzisoma katika chama cha Kiswahili kila Alhamisi alasiri. Utengano ilichapishwa mwaka 1980, na ni miongoni mwa riwaya ambazo msomi yeyote wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuzikwepa. Hata hivyo, kwa mtoto aliyezaliwa karibu kilomita 800 kutoka Mombasa, ulimwengu wake ni wa mbali mno.

Ninayotaka kuyatetea hapa ni machache. Walimu wengi wa Kiswahili, na hata sisi wanafunzi wa vyuo vikuu tunaojiandaa kuwa walimu, tunakubali kwamba picha husaidia kufundisha msamiati. Si wazo geni. Comenius alichapisha kitabu chake cha picha cha kufundishia Kilatini mwaka 1658, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa katika shule zetu mwaka 2019 unasisitiza vifaa halisi na chati. Tatizo ni kwamba picha hizo aghalabu hutoka kwa mwalimu. Mwalimu hubandika chati, mwanafunzi huitazama, kisha chati hubaki ukutani kama pambo hadi mwisho wa muhula. Nathubutu kusema kwamba tugeuze mpangilio huo. Mwanafunzi achore kwanza, mwalimu aonyeshe baadaye.

Sababu yangu ni hii. Maneno magumu katika riwaya ni ya aina mbili, na tumekuwa tukiishughulikia aina moja tu. Kuna maneno ambayo ni wageni dhahiri, mathalani chetezo, ngalawa na kifuu. Mwanafunzi akikutana nayo hujua kwamba hajui. Atauliza, au atafungua kamusi. Lakini kuna maneno yanayokuja yamevaa sura ya jamaa. Mbuzi, ua, buibui na baraza ni ya kundi hilo. Hakuna mwanafunzi wa Kisii atakayefungua kamusi kutafuta maana ya mbuzi. Anamfuga nyumbani na anamjua kwa Ekegusii kama embori. Kwa hiyo akisoma kwamba msichana ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, ataona kioja, atatabasamu, kisha ataendelea kusoma. Kosa la namna hii halina sauti. Halionekani katika zoezi la kujaza mapengo wala katika orodha ya msamiati iliyonakiliwa kutoka kwenye mwongozo. Mchoro hulifichua papo hapo.

Niliipata michoro ya mbuzi mwenye pembe, aliyekaliwa na binti. Niliupata mchoro wa mwanamke aliyetambaliwa na buibui kichwani, na mchoraji alinieleza kwa dhati kwamba pengine ni uchawi. Neno uani lilinizalia bustani nzima ya maua. (Nami nisijifanye mjuzi: nilipotafuta picha ya buibui kwa simu ili niwaonyeshe vazi lenyewe, intaneti iliniletea viumbe wenye miguu minane, kurasa kwa kurasa.) Tulicheka sote, na kicheko hicho kilikuwa na faida, kwa sababu hakuna aliyelisahau neno alilolichekea. Wiki iliyofuata nilileta mbuzi halisi wa kukunia nazi niliyeazimwa na rafiki aliyesomea Pwani, pamoja na nazi kutoka sokoni. Kila mmoja alipanga foleni akune.

Kwa chetezo sikuwa na kifaa. Niliwasomea maelezo tu: chombo cha kutilia makaa, kisha ubani au udi hutiwa juu ili moshi wake ufukize nyumba na nguo. Mvulana mmoja ambaye ami yake ni mchongaji huko Tabaka alirudi baada ya majuma mawili na chetezo cha jiwe la sabuni. Kilifanana na kikombe cha ushindi wa kandanda, kina mikono miwili, na kilikuwa kirefu mno. Lakini alipoulizwa moshi utatokea wapi, alikitazama kwa muda, akasema kwamba atakitoboa. Huo ndio ufundishaji wa msamiati ninaouelewa.

Hata hivyo, kuna maneno ambayo kalamu ya rangi haiyafikii, na hapa ndipo watetezi wa picha wanapojidanganya. Neno lililotusumbua zaidi lilikuwa kutawa. Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, ametawishwa nyumbani, na bila kulielewa neno hilo mtu haielewi riwaya. Wanafunzi kadhaa walidhani ni kutawala lililochapishwa vibaya. Kusema kweli, nami niliposoma riwaya hiyo mara ya kwanza nilipita hapo hapo bila kusimama.

Tulichofanya ni kuchora nyumba sakafuni kwa chaki: baraza, mlango wa mbele, ukumbi, vyumba, uani. Wavulana watano walikaa barazani wakazungumza siasa. Msichana mmoja alijitolea kukaa uani, na sharti lilikuwa moja tu, asiuvuke mstari mpaka kipindi kiishe. Wengine waliingia na kutoka, wakamletea habari za nje. Baada ya dakika ishirini hivi alikuwa amekunja uso. “Mwalimu, kwani nimekosa nini?” aliniuliza. Hakuna aliyecheka mara hii. Mmoja wa wale wa barazani alisema kwa sauti ya chini kwamba hata Maimuna hakukosa. Kamusi ingenipa maana ya kutawa kwa mstari mmoja. Uzito wake niliuona pale, kwenye uso wa yule binti.

Wapo watakaosema kwamba uchoraji ni wa chekechea, na kwamba Karatasi ya Tatu haiulizi michoro. Kipindi ni dakika arubaini, darasa lina wanafunzi hamsini na zaidi, na nakala ya riwaya inagawanywa na watu watatu. Sibishi. Ndiyo maana sipendekezi kuchora maneno ishirini kwa kila sura. Matatu yanatosha, mradi mwalimu ayachague yale yenye sura ya jamaa. Kuhusu mtihani, mwanafunzi asiyejua uani ni wapi atawezaje kueleza muktadha wa dondoo linalosemewa huko?

Nina manung’uniko mengine kidogo. Tunapozungumza kuhusu msamiati mgumu, tunadhani mgumu ni wa Pwani tu. Wanafunzi wale wale wanaobeba ndizi kwenda soko la Keroka huandika “ndizi nyingi” katika insha, ilhali Kiswahili kina mgomba, mkungu na chane. Hapo kitu wanacho mkononi, jina ndilo wasilokuwa nalo. Nilipowaambia wachore mkungu na kuuandikia sehemu zake, walichora vizuri kuliko mimi.

Michoro yote ya mwaka ule ninayo, kurasa arubaini na tatu, pamoja na ule wa chifu. Mwanachama yeyote anayekwenda mazoezini muhula ujao, au anayetafuta mada ya tasnifu, anaweza kuja kuitazama. Chetezo mwenyewe alikataa kuniachia.