Siku 70 za Mshahara

"Jiajiri." Neno hili tunalitamka kwa wepesi mno, hasa sisi tunaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi.

Rafiki yangu, mhasibu, alipunguzwa kazini akiwa na miaka 48, akaamua kuwa mtengenezaji wa tovuti wa kujitegemea. Ufundi haukumshinda. Masomo ya HTML na CSS yapo bure mtandaoni, na aliyezoea kusaka shilingi iliyopotea vitabuni hachoki kusaka kosa kwenye msimbo. Kilichomtesa ni miezi ya mwanzo isiyo na mteja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mtu kama yeye kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, lakini kwa miaka isiyozidi 10. Alitumikia miaka 19; akalipwa siku 70. Miaka 9 haikuhesabiwa! Fao la kukosa ajira ni theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, yeye hayumo. (Benki, kama kawaida, ziliulizia hati ya nyumba.)

Kwa maoni yangu, ukomo wa miaka 10 uliomo katika kifungu cha 42 ufutwe, na fao lifike miezi 12 kwa anayejifunza ufundi mpya. Mtu wa makamo hajifunzi vizuri huku watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.