Mnyama Akibadili Mwendo Tusingoje

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mfugaji, wingu la kwanza mara nyingi ni mwendo wa mnyama wake. Mbwa aliyezoea kutangulia malishoni huanza kuyumba na kuburura miguu ya nyuma. Siku chache baadaye ya mbele nayo hulegea.

Yapo maradhi ambayo kinga ya mwili, badala ya kupambana na adui wa nje, huigeukia mishipa ya fahamu ya mnyama mwenyewe, mithili ya mlinzi anayemshambulia mwenye nyumba. Mbwa huyo hupooza, ilhali akili yake hubaki timamu. Akitunzwa vyema, aghalabu huinuka tena baada ya majuma au miezi.

Lakini hapo ndipo penye hatari. Kichaa cha mbwa nacho huweza kuanza kwa kupooza, pasipo ukali wowote, na kwa macho matupu ni vigumu kutofautisha. Anayempanua mbwa taya ili amnyweshe dawa huenda anakitia mkono kifo. Binadamu akishaonyesha dalili za kichaa, ni nadra mno kupona.

Kwa hiyo mnyama wa namna hiyo asiuawe ovyo wala asishikwe. Atengwe, na bwana mifugo aarifiwe siku ile ile. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate jerahani, aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.

Hata hivyo, si haki kumtwisha mfugaji mzigo wote. Iwe Kibingo huku Karagwe na Kyerwa, au visiwani Bumbire na Goziba ambako mtaalamu hufika kwa chombo, mwananchi atatoa taarifa iwapo tu anajua yupo wa kumsikiliza. Pemba iliutokomeza ugonjwa huu mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa; mwaka 2016 ukavuka bahari na kurejea, hata ukakomeshwa tena mwaka 2018. Maji si ukuta.

Tunawaomba viongozi wa wilaya wahakikishe kwamba chanjo inafika kila kijiji na kila kisiwa, mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe, na asipakiwe chomboni mbwa asiyechanjwa. Mfugaji akiona, aseme. Kiongozi akiambiwa, atende. Shime!