Ndama dume wa Mgwashi na nyama ya supamaketi: ubora unaanzia wapi?

Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Methali hii tunaisema sote, lakini kwa mfugaji wa kata ya Mgwashi, Halmashauri ya Bumbuli wilayani Lushoto, ni hesabu ya kweli. Huku milimani ng'ombe wengi hufugwa bandani kwa ajili ya maziwa. Akizaliwa jike, nyumba inafurahi, kwa kuwa kesho kuna mkamuo mwingine. Akizaliwa dume, maswali yanaanza: atalishwa nini, kwa gharama ya nani, na mpaka lini? Mara nyingi jibu ni kumuuza akiwa bado mdogo, kwa yeyote atakayepita na pesa mkononi.

Kwa upande mwingine, kuna swali ambalo wasikilizaji wetu hutuuliza mara kwa mara: je, nyama ya ng'ombe inayouzwa supamaketi, ile iliyofungwa kwenye trei na kuwekwa kwenye friji, ni bora kuliko ya bucha la mtaani? Leo tunayachukua maswali haya mawili kwa pamoja, kwa sababu jibu la la pili linapatikana kwenye banda la la kwanza. Ubora wa nyama unatengenezwa ng'ombe akiwa hai. Friji na trei vinaweza kuulinda au kuuharibu, lakini haviwezi kuuongeza pale ambapo haukuwepo.

Nyama ya supamaketi inatoka wapi?

Tanzania ina ng'ombe wengi. Sensa ya kilimo ya mwaka 2019/20 ilihesabu takribani milioni 33.9, na nchi yetu hutajwa kuwa ya pili barani Afrika baada ya Ethiopia. Zaidi ya tisa katika kila kumi ni ng'ombe wa asili, hasa zebu mwenye nundu, anayefugwa na wafugaji wa kuhamahama na wakulima wafugaji. Huyo ndiye anayelisha bucha, hoteli na supamaketi.

Safari yake tunaijua. Anauzwa kwenye mnada wa wilaya na kupandishwa lori pamoja na wenzake. Kama anakwenda Dar es Salaam, hupitia mnada wa Pugu kabla ya kufika machinjioni. Nyama yake inaweza kuning'inizwa bucha la Manzese au kukatwa vizuri na kufungwa kwa plastiki Masaki. Kilichobadilika ni usafi wa mahali, ukataji, ubaridi na bei. Ng'ombe ni yuleyule.

Ndiyo maana kwa miaka mingi hoteli za kitalii na baadhi ya supamaketi ziliagiza nyama kutoka Kenya na Afrika Kusini, nchi yenye mamilioni ya ng'ombe ikinunua steki ya jirani. Wanunuzi hao walikuwa wanatafuta kitu kimoja: nyama laini inayofanana wiki hii na wiki ijayo. Kitu hicho hakipatikani kwa kukusanya ng'ombe wa umri na afya tofauti kutoka minada kumi.

Mambo manne yanayoamua ulaini

La kwanza ni umri. Kadiri ng'ombe anavyozeeka, nyuzi zinazoshikilia misuli yake hukaza na kuwa ngumu kuyeyuka hata ukichemsha. Mfugaji wa asili huuza ng'ombe anapokuwa na shida ya pesa, ada ya shule au mgonjwa hospitalini, na mara nyingi anayeuzwa ni mzee, au dume lililofikisha miaka mitano, sita au zaidi. Hatumlaumu. Ng'ombe ni benki yake, na hakuna anayefunga akaunti kwa sababu ya ulaini wa steki ya mtu mwingine.

La pili ni lishe. Ng'ombe anayenenepa mvua zikinyesha na kukonda wakati wa kiangazi, mwaka hadi mwaka, hufikia uzito wa kuchinjwa akiwa amechelewa sana. Anayekula vizuri bila kukatizwa hufika mapema, na huwa na mafuta kidogo katikati ya nyama, yale yanayoipa ladha na majimaji.

La tatu ni mapumziko kabla ya kuchinjwa. Misuli ya mnyama ina akiba ya sukari. Akichinjwa akiwa ametulia, akiba hiyo hugeuka kuwa asidi kidogo inayosaidia nyama kuwa na rangi nzuri na kukaa bila kuharibika haraka. Ng'ombe aliyesimama kwenye lori siku mbili bila maji na kushushwa kwa fimbo huwa ameshaimaliza akiba hiyo. Nyama yake huwa nyeusi-nyeusi, inanata mkononi, na inaharibika upesi.

La nne ni baridi. Sisi tumezoea nyama iliyochinjwa alfajiri na kuliwa mchana, na tunaiita freshi. Kwa supu na mchuzi wa kuchemka muda mrefu haina shida. Lakini nyama ya kuchoma au kukaanga hulainika zaidi ikikaa kwenye baridi siku kadhaa, wiki moja hata mbili, huku vimeng'enya vyake vyenyewe vikilegeza nyuzi. Hili ndilo jambo ambalo supamaketi yenye vyumba vizuri vya baridi inaweza kulifanya na bucha la kawaida haliwezi. Ila nalo lina masharti: nyama ikigandishwa mapema mno, saa chache tu baada ya kuchinjwa, misuli hujikunja na kukaza. Friji hiyohiyo huifanya iwe ngumu kuliko ya bucha.

Siku tisini za kunenepesha

Wapo waliojaribu kutatua tatizo la lishe na umri. Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, ina ranchi kama Kongwa mkoani Dodoma, na hapa kwetu Tanga ipo ya Mzeri wilayani Handeni. Kanda ya Ziwa wapo wanenepeshaji wanaonunua ng'ombe waliokonda, wakawafungia na kuwalisha mashudu na maganda ya mbegu za pamba kwa takribani miezi mitatu. Ng'ombe huongezeka uzito na nyama huboreka.

Lakini unenepeshaji huo hutegemea mabaki ya viwanda vilivyo karibu. Zaidi ya hapo, miezi mitatu ya chakula kizuri haimrudishi ng'ombe wa miaka saba kuwa wa miaka miwili. Inafanya kazi vizuri zaidi kwa mnyama ambaye bado ni kijana.

Banda la Usambara

Hapo ndipo tunaporudi Mgwashi. Ufugaji wa bandani wilayani Lushoto ulipata nguvu kupitia mradi wa SECAP, ulioanza mwaka 1981 kwa ushirikiano na Ujerumani kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wakulima walihimizwa kupanda majani ya tembo na gwatemala kwenye makinga maji, kuwafungia ng'ombe ndani, kuwakatia majani na kurudisha samadi shambani. Ng'ombe chotara wa maziwa wakaenea, na maziwa yakawa chanzo cha pesa za kila siku.

Ukitazama kwa jicho la mnunuzi wa nyama, banda hili lina karibu kila kitu kinachokosekana mnadani. Umri wa ng'ombe unajulikana. Hatembei kilomita kumi kutafuta maji. Anakula majani mabichi karibu mwaka mzima, na magonjwa yake yanaonekana mapema kwa sababu mwenye nyumba anamwona asubuhi na jioni. Dume la chotara likihasiwa, yaani likawa maksai, likalelewa vizuri hadi miezi 18 au 24, ni mnyama ambaye soko la nyama laini linamtafuta. Uingereza, kwa mfano, sehemu kubwa ya nyama ya ng'ombe hutokana na ng'ombe wa maziwa na ndama wao.

Kwa nini basi dume la Mgwashi linauzwa likiwa ndama? Kwa sababu mzigo wa majani ni mmoja. Mzigo unaobebwa kichwani kupanda mlima, mara nyingi na mama au mtoto, ukipewa ng'ombe anayekamuliwa unarudi kama maziwa kesho asubuhi. Ukipewa dume unarudi baada ya mwaka mmoja na nusu, kama halijafa kwa ndigana kali. Na siku ya kuuza, mnunuzi hapimi kwa mizani. Analizunguka dume, analipiga paja, anataja bei. Hakuna anayelipia kwamba ni kijana, ametulia na amekula vizuri. Analipa bei ya ng'ombe yeyote.

Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mfugaji alee madume kwa sababu tu nyama yake ni tamu. Soko lisilolipia ubora halina haki ya kuulalamikia. Mwenye majani machache anafanya hesabu sahihi anapouza mapema. Mwenye majani ya ziada, pumba na maganda ya ndizi anaweza kulea dume moja, lakini ajue kwanza atamuuzia nani, kwa uzito gani, kabla ya kuhesabu faida.

Jambo ambalo macho hayalioni

Ufugaji wa bandani una hatari yake pia, na hii inamhusu kila anayekula nyama. Ng'ombe wa maziwa hutibiwa mara nyingi, hasa kwa ugonjwa wa kiwele na magonjwa ya kupe. Akishindwa kupona, au akizeeka, huishia buchani. Swali ni lini alipigwa sindano ya mwisho.

Kila dawa ya mifugo ina muda wa kusubiri kabla nyama au maziwa kutumika. Dawa nyingi za oksitetrasaiklini zinazokaa mwilini muda mrefu huandikwa siku 28 kwa nyama. Zipo za muda mfupi zaidi, kwa hiyo lebo isomwe kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu nyama iliyouzwa wilayani Kilosa ulikuta mabaki ya dawa hiyo kwenye sehemu kubwa ya sampuli. Tukiendelea kula mabaki hayo tunawasaidia vimelea kuzizoea dawa ambazo sisi wenyewe tunazihitaji hospitalini.

Mkaguzi wa nyama machinjioni anafanya kazi kubwa. Kwa kisu na macho anatafuta dalili za kifua kikuu, viluwiluwi vya tegu kwenye misuli, maini yaliyooza kwa minyoo. Muhuri wake ni wa lazima, na nyama isiyo na muhuri isinunuliwe, iwe bucha au supamaketi. Lakini kisu hakioni dawa. Anayejua tarehe ya sindano ni mfugaji na aliyemtibia ng'ombe, na mara nyingi hakuna mahali ilipoandikwa.

Kinachokosekana kati ya banda na friji

Sheria zipo. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 ndiyo iliyoweka msingi wa Bodi ya Nyama Tanzania. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ni ya mwaka 2010. Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambamo ng'ombe wanavishwa heleni.

Wafugaji wengi huiona heleni kama njia ya Serikali kuhesabu mali zao. Sisi tunadhani faida yake kubwa kwa mfugaji mdogo iko kwingine. Namba ya heleni ikiunganishwa na umri, matibabu na mahali ng'ombe alikolelewa, dume la Mgwashi linaacha kuwa ng'ombe yeyote. Mboga za Lushoto zinajulikana kwa jina sokoni Dar es Salaam. Nyama ya Lushoto haina jina, kwa kuwa hakuna karatasi wala namba inayosafiri nayo. Heleni pekee haitoshi, lakini bila utambuzi hakuna supamaketi itakayolipa zaidi kwa kitu isichoweza kukithibitisha.

Wewe unaweza kufanya nini?

Kama unanunua, usiulize tu kilo shilingi ngapi. Uliza ilichinjwa lini na wapi, na utafute muhuri. Nyama nyeusi inayonata iache. Mafuta ya njano yasikutishe: ng'ombe aliyekula majani mabichi huwa nayo, kwa rangi ileile iliyomo kwenye karoti. Ukiwa supamaketi, muulize muuzaji ng'ombe alitoka wapi. Leo huenda asijue. Wakiuliza wateja wengi, italazimu ajue.

Kama unafuga, nunua daftari. Andika tarehe ya kuzaliwa, dawa iliyotumika, tarehe ya sindano na siku za kusubiri. Usimuuzie mchinjaji ng'ombe aliye ndani ya siku hizo, hata kama amekupa bei nzuri. Kabla ya kumuuza ndama dume, tafuta mizani au utepe wa kupimia kifua unaokadiria uzito. Afisa mifugo wa kata anaweza kukuelekeza. Na kama mko majirani watano wenye madume ya umri mmoja, mnunuzi wa hoteli atawasikiliza ninyi watano kabla hajamsikiliza mmoja.

Methali ilimhurumia maskini kwa kupata dume. Dume lenyewe halina kosa. Kosa lipo kwenye soko linalompima kwa kumpiga paja.