Siku Moja Dar Isiishie Kariakoo



Msimu wa harusi umeingia, na hapa kisiwani wiki haipiti bila kusikia, "Fulani na mama yake wamevuka Dar." Wameondoka na boti ya asubuhi, watarudi na ya jioni. Ukiuliza wamefuata nini, jibu ni lile lile: Kariakoo. Mapazia, mashuka, vyombo, vitambaa vya sare, na yale mengine ambayo hakuna aliyeyapanga ila yameonekana tu njiani.

Leo tunataka kusema neno ambalo huenda baadhi ya mama zetu wasilipende. Tunaona kwamba ile siku moja ya Dar, kabla bibi harusi hajaingia ndani, ni bora iwe ya kutembea kuliko kuwa ya kununua. Tusikilizeni kwanza, halafu mtuhukumu.

Miaka michache nyuma tulimsindikiza mdogo wetu mmoja aliyekuwa anaolewa na kwenda kuishi Maskati. Tulikuwa watano: yeye, mama yake, kaka yake na sisi wawili. Tuliteremka bandarini saa tatu asubuhi, na saa tatu na nusu tulikuwa tushazama Kariakoo. Kutoka hapo ni duka hadi duka. Mama anataka mapazia ya dhahabu, binti anataka ya kijivu. Mama anasema, "Nyumba ya bibi harusi haiwekwi rangi ya msiba." Binti ananyamaza, na kunyamaza kwake mama anakuhesabu kuwa ni jeuri. Adhuhuri tuliisali saa nane na nusu imeshapita, nyuma ya duka, baina ya marobota, roho juu juu, huku kijana wa dukani akitusubiri tutoke. Chakula hatukula. Bandarini tulifika tunakimbia, mifuko inakatika mikononi. Ndani ya boti mama na mwana walikaa viti vya mbali, hawasemezani.

Siku nane baadaye ndoa ikafungwa, alhamdulillah, na baada ya hapo bibi harusi akasafiri. Alipotupigia simu miezi kadhaa mbele alitwambia kitu ambacho hatujakisahau. Nyumba aliyofikia ilikuwa na mapazia yake tayari. Yale tuliyogombaniwa kutwa nzima yalibaki kwa mama, kabatini, hayajatolewa hata kwenye mfuko. Akasema, "Ningejua ile ndiyo siku yangu ya mwisho kukaa na mama, tungekwenda tu ufukweni tukala mihogo."

Tangu siku ile tumekuwa na msimamo wetu.

Tunajua mtakachotujibu. La kwanza, vitu vya Dar ni rahisi. Ni kweli, vingine ni rahisi. Lakini piga hesabu yote: nauli ya watu watatu au wanne kwenda na kurudi, bajaji, wachukuzi, chakula, na vile vitu vitano ambavyo havikuwamo kwenye orodha. Ukimaliza kujumlisha, ule urahisi umebaki wapi? Siku hizi mwenye duka anakupigia picha, mnapatana kwa simu, mzigo unapandishwa boti na wewe unaupokea Malindi. Kinachohitaji kushikwa kwa mkono, kama kitambaa cha gauni, kifuatwe hicho peke yake. Vingine vingi Darajani vipo.

La pili, kutembea ni anasa, na Muislamu hafanyi israfu. Hapa ndipo tunapoona tumegeuza mambo. Seti ya tatu ya vyombo itakayokaa kabatini miaka kumi hatuiiti israfu, lakini tiketi ya makumbusho tunaiita israfu. Qur'ani yenyewe inatuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama yaliyowapata waliotutangulia. Kutazama kwa mazingatio si upuuzi.

La tatu, heshima na usalama wa mtoto wa kike. Hili tunalikubali moja kwa moja, na ndiyo maana tunasema safari ipangwe. Nendeni na mahram. Sisi tulikwenda na kaka wa bibi harusi, na wala hakutuzuia raha yoyote. Kama hakuna mahram wa kuwasindikiza, mwulizeni mwalimu wenu kabla hamjakata tiketi.

Sasa, siku yenyewe ipangwe vipi? Tutawaeleza tulivyofanya safari iliyofuata, na binti mwingine aliyekuwa anaolewa.

Jambo la kwanza tulilopanga ni sala, na mengine yote yakazunguka humo. Tuliuliza mapema, kupitia jamaa wa Dar, msikiti gani wa katikati ya mji una sehemu ya wanawake iliyo wazi mchana, maana si kila msikiti unayo. Kuhusu kukusanya na kupunguza, msifanye kwa mazoea. Kutoka Unguja mjini hadi Dar ni kama kilomita 75 tu, na masafa yanayotajwa na wanazuoni wengi wa Kishafi yanapindukia kilomita 80. Ulizeni. Sisi tulipanga kusali kila sala kwa wakati wake, na iliwezekana bila mbio.

La pili, tulichagua sehemu zilizo karibu na bandari. Huu ndio ushauri wetu mkubwa kwa mwenye siku moja. Ukitoka boti saa tatu na unatakiwa kurudi bandarini saa tisa alasiri, una saa sita tu. Ukisema uende Mlimani City, urudi Kariakoo, halafu upite Mbezi, siku yako itakwisha kwenye foleni ukitazama migongo ya malori. Dar ni kubwa. Usitake kuimaliza.

Kwa hiyo tulianza na Boma la Kale, lililopo Barabara ya Sokoine, hatua chache kutoka bandarini. Wengi wetu tumelipita mara ishirini tukiwa na mifuko na hatujui kwamba ni letu. Lilijengwa miaka ya 1866 na 1867, zama za Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, kwa ajili ya kupokea wageni wake. Kabla yake hapo palikuwa na kijiji cha Mzizima. Majid ndiye aliyetaka pawe na mji na bandari ya salama, na jina hilo likabaki. Alifariki 1870, na ndugu yake Sayyid Barghash hakuiendeleza kazi ile, mpaka Wajerumani walipoufanya mji huo makao yao makuu mwaka 1891. Tazameni milango yake ya kuchonga. Mama wa bibi harusi aliushika mmoja akasema, "Mbona huu ni wa kwetu?" Naam, mama, ni wa kwetu.

Kutoka pale tulichukua bajaji hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Mkiwa na vitambulisho vya Mtanzania kiingilio ni nafuu kuliko cha wageni, kwa hiyo msivisahau nyumbani. Makumbusho haya yalifunguliwa 1940, na ndiyo yenye dhamana ya lile fuvu la kale ambalo Mary Leakey alilivumbua Olduvai mwaka 1959, likaitwa Zinjanthropus. Neno hilo Zinj ni jina ambalo Waarabu wa zamani waliliita pwani yetu, na ndilo lililomo ndani ya jina Zanzibar. Binti yetu, ambaye ni mwalimu wa skuli ya msingi, alisimama hapo mpaka tukamvuta. Alisema darasa lake litalisikia hilo Jumatatu.

Njiani tulipita Barabara ya Bibi Titi Mohamed, tukamuuliza bibi harusi kama anamjua mwenye jina. Alijua jina tu. Basi tukamweleza: ni mwanamke wa Kiislamu, mzaliwa wa Dar mwaka 1926, aliyekuwa mwimbaji katika ngoma za kina mama. TANU ilipotaka wanawake wajiunge katikati ya miaka ya 1950, yeye ndiye aliyewakusanya, na alikuwa akiwafikia kupitia vikundi hivyo hivyo vya ngoma. Alifariki mwaka 2000. Mwanamke wa ngoma na shughuli za mtaani, na leo barabara kuu ya mji ina jina lake. Tunaosema shughuli za wanawake ni upuuzi mtupu tujiulize tena.

Adhuhuri iliingia mnamo saa sita na nusu, nasi tulikuwa tushafika msikitini, udhu tayari. Tuliposali kwa utulivu, siku nzima ilitulia. Baada ya hapo tukala wali na samaki, tukakaa chini, hakuna aliyetazama saa. Kaka alilipa, na hiyo pekee ni habari.

Ilibaki saa moja na kitu, tukamwachia bibi harusi achague: Kariakoo, Coco Beach, au pantoni ya Kigamboni. Tulimwambia achague moja tu, zikiwa mbili zinaharibu siku. Alichagua pantoni, na tuliona amepatia, maana kituo chake kiko Kivukoni, karibu na soko la samaki la Feri, na kuvuka ni dakika chache. Nauli yake ni ndogo sana. Unasimama na watu wanaokwenda zao kazini, wenye baiskeli na vikapu, na mbele yako unauona mji wote umejipanga juu ya maji.

Ni pale juu ya pantoni ndipo mama alipozungumza. Alikuwa kimya muda mrefu, ameshika reli, halafu akamwambia binti yake, bila hata kumgeukia, "Mwanangu, mapazia ya harusi yangu yalikuwa ya kuazima kwa jirani. Siku ya saba alikuja kuyachukua. Baba yako aliona madirisha matupu akacheka, akatundika kanga. Tuliishi na kanga madirishani mwaka mzima, na ndio mwaka wetu mzuri."

Binti alikuwa hajapata kulisikia hilo katika miaka yake 24. Sisi tukasogea pembeni tukajifanya tunatazama meli.

Saa tisa tulikuwa bandarini. Alasiri iliingia tukiwa pale pale, tukasali, kisha tukapanda boti bila kukimbia. Tulishuka Malindi kabla ya Magharibi. Mizigo yetu yote ilikuwa mfuko mmoja, na ndani yake mlikuwa na korosho na doti moja ya kanga ambayo mama alimnunulia mwanawe Feri, kwa mwanamke aliyekuwa akitembeza.

Hatusemi kila safari itatoa maneno kama yale. Tunachosema ni kwamba maneno kama yale hayatoki baina ya marobota, mtu amevimba miguu na mwingine amevimba uso. Binti anayeolewa ana mambo ya kumuuliza mama yake ambayo hawezi kumuuliza nyumbani, mbele ya mashangazi na wapishi na somo. Na mama ana mambo ambayo amekaa nayo miaka mingi akisubiri siku yenye nafasi. Tukiipeleka siku hiyo kwenye mapazia, tumempa mwenye duka kitu ambacho hakukiomba.

Vitu vichache vya mwisho kwa watakaokwenda. Kama ni miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Kuleni kitu chepesi asubuhi, bebeni tangawizi, na kaeni katikati ya boti, chini. Vaeni viatu vya kutembea hata kama havilingani na baibui. Tiketi ya kurudi ikatwe siku hiyo hiyo mnayokata ya kwenda, na muulize saa ya boti ya mwisho, maana ratiba hubadilika. Chukueni mkeka mdogo wa kusalia na chupa ya maji. Simu za kupigia picha mpeni kaka. Picha za bibi harusi zikae kwenu, zisisambazwe. Na dua ya safari isomwe kwa pamoja kabla boti haijang'oa, bibi harusi ndiye aisome kwa sauti.

Na ewe mama unayetusoma, kama binti yako ataolewa mbali, Maskati au London au hata Pemba, mpe siku hiyo moja. Mapazia yatapatikana. Yasipopatikana, kanga zipo.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa za watoto wetu, awape masikilizano, na atuvushe salama kila tunapovuka. Amin.

Wasalaam.