Ndugu Zetu wa Reli ya Burma



Wengine wametuuliza kwa nini chama cha watu wa reli wa Kenya kizungumze habari za Burma, ambayo siku hizi huitwa Myanmar, na hali mishahara yetu wenyewe haitoshi. Swali hili ni la haki, nasi twalijibu.

Tarehe 8 Novemba 2020 watu wa nchi ile walipiga kura. Chama cha Aung San Suu Kyi kilipata viti 396 katika viti 476 vilivyogombewa. Chama cha upande wa jeshi kilipata 33. Na kumbukeni kwamba jeshi lilikuwa limekwisha jiwekea robo ya viti vya bunge bila kupigiwa kura na mtu ye yote. Hata hivyo wakubwa wa jeshi walidai kura zimeibwa. Tume ya uchaguzi ikayakataa madai hayo. Alfajiri ya tarehe 1 Februari 2021, siku ambayo bunge jipya lilikuwa likutane, askari wakakamata viongozi na kushika serikali.

Waganga na wauguzi ndio walioanza kuacha kazi, kisha walimu, makarani wa benki, na ndugu zetu wa reli. Kila usiku saa mbili watu walipiga sufuria majumbani, kama desturi yao ya kufukuza pepo wabaya. Treni zikasimama. Silaha ya watu wa reli ilikuwa kukataa kazi, basi.

Tarehe 10 Machi askari wakavamia nyumba za wafanya kazi wa reli pale Ma Hlwa Gone, mjini Yangon. Watu wakakamatwa, na jamaa zao wakatoka na watoto na vyombo vyao. Aliyelelewa katika landi hahitaji kuelezwa. Nyumba ni ya mwajiri. Anayekunyima kazi akunyima na paa. Mtu wa reli akigoma hahatirishi mshahara tu, bali na kitanda cha watoto wake. Nao walijua hivyo, wakagoma.

Sisi hatuna haki ya kujisifu. Baada ya kura za 2007 hasira yetu iliwaangukia majirani, na mwaka 2008 reli iling'olewa pale Kibera, ikabidi wenzetu waende kuipanga upya. (Kura haikurudi kwa kung'oa reli.) Huko Burma pia vijana wengi baadaye walishika bunduki, baada ya wenzao kupigwa risasi barabarani. Hatuwahukumu. Lakini mwanzo wao ulikuwa wa mikono mitupu, na huo ndio twautaja.

Tena Burma si ngeni kwetu. Mwaka 1944 askari wa K.A.R. kutoka huku walipigana katika bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin, na wengine walizikwa huko. Wazee wale hawakuulizwa shauri. Sisi twaulizwa.

Basi twaomba kila tawi lijadili mambo mawili katika mkutano wa mwezi: barua kwa Wizara ya Mambo ya Nje, na mchango kwa jamaa za waliofukuzwa kazi, utakaopelekwa kwa njia ya shirikisho la kimataifa la wafanya kazi wa uchukuzi. Daftari liko kwa karani wa tawi. Shilingi ishirini haikataliwi, na asiyetaka jina lake liandikwe hatalazimishwa.